Jumapili Iliyoitwa Ijumaa

Sikukuu ya huku hailiwi bure. Unapewa siku tatu za kwenda kusafisha makaburi ya wazee, unashukuru, unakata tiketi ya treni, halafu unaambiwa kwamba siku moja kati ya hizo tatu lazima uirudishe. Jumapili mnakuja kazini. Na mkija, hamji kwa ratiba ya Jumapili, maana Jumapili haina ratiba. Mnakuja kwa ratiba ya ile Ijumaa mliyolala. Kengele za Ijumaa, masomo ya Ijumaa, chakula cha Ijumaa. Nchi nzima inaamka Jumapili asubuhi na kukubaliana kwamba leo ni Ijumaa, na hakuna anayecheka.

Nimefundisha Kiingereza katika shule ya msingi hapa Wuhu, China, miaka mingi, hata wauza mboga wa mtaani wamechoka kunishangaa. Kwetu Kondoa tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa zamani, na nimelima. Ila likija suala la kuambiwa habari, bado ni mgeni wa siku ya kwanza. Walimu wenyeji walijua habari ya Jumapili hiyo tangu mwezi uliopita. Sisi wa nje tulikumbukwa Jumamosi mchana, nikiwa nimeshafumua nywele nusu kichwa.

"Mwalimu Zai, kesho ni Ijumaa," aliniandikia Mwalimu Pang. "Usisahau zamu yako ya langoni."

Jina langu ni Zaituni, lakini limewashinda, wamelikata. Mwalimu Pang ndiye mlezi wa darasa la kwanza, mkondo wa tatu, na kwa bahati yake mbaya ndiye pia aliyepewa kazi ya kunitunza mimi. Nilimjibu kwamba kesho ni Jumapili, na kama haamini aulize kalenda yoyote. Akanitumia picha ya paka anayelia.

Basi nikaenda, nimefunga kilemba kuficha nusu kichwa. Nilikwenda kwa shingo upande. Nilijiambia njia nzima kwamba mwili nitawapeleka, lakini siku yangu siwapi. Waite Ijumaa, waite Krismasi, mimi niko Jumapili. Mvua ya msimu wa makaburi ilikuwa inanyunya, ile isiyolowesha wala kukauka, na watoto walikuwa wamekaa madarasani na macho ya usingizi.

Kwenye mkondo wa tatu, mtoto mmoja tu alikuwa na furaha. Anaitwa Shen Ruolan, ana miaka saba, anakaa mbele kabisa. Nywele zake siku hiyo zilikuwa zimefungwa upogo, kana kwamba aliyezifunga mawazo yake yalikuwa mbali.

"Mwalimu Zai, leo Ijumaa," aliniambia hata kabla sijaweka begi. "Bibi yangu anakuja kunichukua."

Siku nyingine Ruolan hubaki shuleni na wenzake kumalizia kazi za nyumbani, na mama yake huja kumchukua jioni akitoka kazini. Ijumaa watoto wote hutoka mapema, mama bado yuko kazini, kwa hiyo Ijumaa ni ya bibi. Nilikuwa nikimwona kila wiki langoni, mwanamke mfupi, mwenye kelele, anayemkagua mjukuu masikio kana kwamba sisi tunawalisha watoto vumbi. Nilimpenda. Alikuwa akinisukumia mkononi karanga za kuchemsha bila kusema neno, halafu ananikasirikia nikishukuru.

"Vizuri," nilimwambia Ruolan. "Msalimie."

Mchana tulikula mapaja ya kuku, kwa kuwa Ijumaa ni mapaja ya kuku. Mwalimu Pang hakuwa akila. Alikuwa akilizungusha paja sahanini kwa vijiti, upande huu, upande ule.

"Zai, kuna kitu sijakuambia."

"Kama kawaida yenu."

"Usinianze. Bibi yake Ruolan amefariki. Jumatano jioni, watu wakijiandaa kwa sikukuu. Jana wamemaliza kila kitu, wamemchoma, majivu wameyapeleka kijijini."

Niliweka vijiti chini. "Na mtoto amekuja shule?"

"Mtoto hajui. Alikaa kwa jirani siku zote hizo. Ameambiwa bibi ameenda kumwona dada yake."

"Lakini asubuhi kaniambia bibi anakuja kumchukua!"

"Ndiyo, ameambiwa atarudi. Kwake yeye Ijumaa ni Ijumaa." Pang alipunguza sauti. "Mama yake amesema atamwambia mitihani ikiisha."

"Mitihani ya nani? Ya darasa la kwanza?"

"Zai, wewe ziba mdomo tu. Si kazi yako, si kazi yangu. Mama yake amesema atakuja mwenyewe kumchukua. Sote tunanyamaza, basi."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilikasirika kwa ajili ya yule mtoto aliyefungwa nywele upogo, na nilikasirika kwa ajili ya yule bibi mwenye karanga, kwamba amesindikizwa na watu wote isipokuwa mtu wake. Lakini nilinyamaza. Nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba hapa habari mbaya huwekwa mbali na mtu kwa mapenzi, kama unavyoweka kisu mbali na mtoto.

Zamu ya lango Ijumaa ni yangu, na nikuambie sababu yake. Wazazi wanapenda kuona mgeni amesimama langoni, inaonyesha kwamba ada yao imefika mahali. Kazi yenyewe si ngumu. Mzazi anasimama nje ya mstari wa njano, anagusisha kadi yake kwenye mashine, mashine inaita jina la mtoto, na mimi namshika mtoto mkono namtoa nje huku nikimwambia kwaheri kwa Kiingereza. Jina likiitwa, mtoto anatoka. Jina lisipoitwa, hatoki hata kama mzazi analia. Mlinzi wetu, Mzee Kou, amefanya sheria hiyo kuwa dini.

"Mwalimu Zai," aliniambia nilipotoka, "kilemba hicho cha nini? Umepata mchumba?"

"Nimepata kazi Jumapili. Ni msiba."

"Jumapili wapi, leo Ijumaa," alisema, akacheka peke yake.

Watoto walitoka kwa makundi, miavuli ikagongana, majina yakaitwa mpaka sauti ya mashine ikawa kama inachoka. Kisha barabara ikawa tupu. Aliyebaki ni Ruolan peke yake, ameketi kwenye benchi la walinzi na begi mapajani. Mwalimu Pang alitazama barabara, akatazama simu yake, akauma mdomo.

"Mama yake hajaja. Wallahi amesahau kwamba leo wanatoka mapema." Sisemi kwamba Pang alisema wallahi, ila alisema kitu chenye uzito huohuo. "Ngoja nikampigie ndani, hapa hasikii mtu."

Akaingia. Tukabaki mimi, Mzee Kou na mtoto. Mvua ilinyunya juu ya lami.

"Darasa la kwanza, mkondo wa tatu, Shen Ruolan," ilisema mashine. "Mlezi wako amefika."

Niligeuka. Taa ya mashine ilikuwa kijani, kama inavyokuwa kadi ikisomwa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nilitazama nyuma ya nguzo, nikatazama hadi kwenye mkokoteni wa muuza chapati ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na mtu. Nikasema moyoni, mashine imelowa.

"Ah, dada!" alisema Mzee Kou kwa furaha. "Leo umechelewa. Umekula?"

Alikuwa akiongea na mahali patupu. Akasogea pembeni na kuinua mkono, vile anavyowafanyia wazee ili waingie chini ya paa wasilowe. Akasikiliza kidogo, kisha akacheka kwa kitu alichoambiwa.

"Bibi!" alipiga kelele Ruolan. Alivaa begi, akatoka mbio.

Sijui ni nini kilichoninyanyua mkono. Nilimdaka kifundo cha mkono alipokuwa anapita.

"Mwalimu, mbona unamshika?" aliuliza Mzee Kou. "Jina limeitwa."

"Nani amekuja?"

"Nani amekuja! Bibi yake. Huyo hapo mbele yako, karibu umkanyage."

"Mzee Kou, mimi simwoni mtu."

"Basi kilemba kimekuziba macho." Kisha akageukia pale patupu na kuinamisha kichwa. "Samahani, dada. Huyu wa nje, hajazoea mambo yetu."

Ruolan alikuwa amenyoosha mkono wake wa pili mbele, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja pale hewani, vimeshika kitu. Halafu alianza kusogea. Hakutembea. Viatu vyake viliteleza juu ya lami iliyolowa, polepole, kuelekea kwenye mstari wa njano, na mkono wangu ukanyooka pamoja naye. Aliyekuwa akimvuta hakuwa na nguvu za ajabu. Zilikuwa nguvu za bibi tu, zile za kukuondoa dukani ukiwa umeng'ang'ania pipi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Mwalimu, niachie, unaniumiza," alisema Ruolan.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwenu?"

Mtoto aliinua uso akasikiliza. "Bibi anasema ni nyumbani tu. Ila leo njia haioni vizuri, ndiyo maana anataka nimshike mkono."

Nilimshika kwa mikono miwili. Mzee Kou alianza kunifokea sasa kwa kweli, kwamba kadi imesomwa, kwamba mimi ni nani hata nimzuie mzee asichukue mjukuu wake, kwamba atamwita mwalimu mkuu. Sikumlaumu. Yeye hakuwa ameambiwa. Mwalimu Pang akatokea mlangoni, simu sikioni, akisema, "Anakuja, yuko njiani, anasema alichanganya..." Akakoma. Hakunitazama mimi. Alitazama kando ya mtoto, chini kidogo, pale unapofika uso wa mwanamke mfupi. Rangi yote ikamtoka.

"Pang, unamwona?"

"Amevaa koti lake la zambarau," alisema.

"Mwambie aende!"

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Wewe ndiye mlezi wa darasa. Mwambie!"

"Zai, leo ni Ijumaa. Ijumaa ni siku yake ya kumchukua."

"Nani kasema leo ni Ijumaa?"

"Sote tumesema," alijibu Mwalimu Pang.

Mambo haya mimi siyajui, na siyapendi. Nitasema tu nilivyoelewa pale nilipokuwa nimesimama. Wote waliokubali kwamba siku ile ni Ijumaa walikuwa wanamwona. Mimi niliyegoma tangu nyumbani nilikuwa naona mvua. Na nilihisi kabisa kwamba nikilegeza moyo kidogo tu, nikikubali, nitamwona na mimi, na koti lake, na mfuko wake wa karanga. Na nikimwona nitamwachia mtoto. Nani angemnyima bibi yule kitu?

Nilibana meno. Jumapili, nilijiambia. Jumapili, Jumapili. Viatu vya Ruolan vikasogea tena. Ncha ya kiatu cha kushoto ikagusa mstari wa njano.

Hapo nilifanya kile nilichokatazwa.

"Bibi," nilisema kwa pale patupu, kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu. "Nisamehe, mimi sikuoni. Najua upo. Nakuomba usimchukue. Wewe umefariki, bibi yangu. Ulifariki Jumatano. Jana wamekuaga."

"Zai!" alilia Mwalimu Pang.

Mzee Kou alinyamaza katikati ya neno. Akatazama pale patupu, akamtazama Pang usoni, akaelewa. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga lango. Lakini viatu vya mtoto vilikuwa vimesimama. Ruolan alinitazama mimi, kisha akageuka na kuinua kichwa.

"Bibi, ni kweli?"

Tukangoja. Mtoto alikuwa amelaza kichwa upande akisikiliza, na mimi nilikuwa nasikia mvua tu ikidondoka kwenye paa la lango.

"Anasema si kweli," alisema mwishowe. "Anasema tumbo lilimuuma, akapewa dawa, akalala. Alipoamka watu wote walikuwa wameenda mahali, akaona leo Ijumaa, akaja. Anasema angekuwa amekufa si angeambiwa?"

Mwalimu Pang alifunika mdomo kwa mikono. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mimi ndiye wa mwisho kuambiwa mambo katika mji huu.

Pikipiki ya umeme ilikuja kwa kasi na kupanda hadi kwenye ukingo. Mama yake Ruolan alishuka na koti la mvua limemganda mwilini. Ni mwanamke mwembamba, anauza dawa za meno na sabuni katika duka kubwa la mjini, na siku hiyo macho yake yalikuwa yamevimba mpaka karibu yazibe.

"Samahani, walimu, samahani sana. Nilidhani anatoka jioni. Nilidhani... kichwa changu, hata sijui leo ni siku gani."

Alipita palepale. Alipita katikati ya pale walipokuwa wanapatazama wote, na hakuona kitu. Aliyetoka kumchoma mama yake jana hana Ijumaa wala Jumapili.

"Mama," alisema Ruolan, "bibi anauliza kama amekufa."

Mwanamke yule alisimama. Alinitazama mimi kwa chuki, akidhani nimemtobolea mtoto siri tu. Kisha akaona mkono wa mwanawe umenyooka hewani. Akaona taa ya kijani.

"Nani amegusisha kadi?" aliuliza.

Mzee Kou akaonyesha kidole pale patupu, na mama akatikisa kichwa.

"Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Koti tumelichoma."

"La zambarau," alisema Mwalimu Pang kwa sauti ndogo.

Mama yake Ruolan alipiga magoti kwenye maji. Mwanzoni alikuwa hajui aelekee wapi, akawa anageuza uso huku na huku, mpaka mtoto akamwambia, "Hapa, mama. Yuko hapa." Basi akaelekea hapo.

"Mama," alisema. "Havikuwa vidonda vya tumbo kama tulivyokuambia, ulikuwa ugonjwa usiopona. Daktari alituita sisi watoto tangu mwaka jana, akatuambia. Tukakubaliana usiambiwe, ili ule kwa raha, ucheze karata zako. Mimi ndiye niliyekuwa nabandua karatasi kwenye chupa za dawa usizisome. Ukiuliza mbona unakonda, mimi ndiye niliyesema ni joto." Akavuta pumzi. "Umekufa, mama. Jumatano. Nilikuwa nimekushika miguu. Ulikuwa unaniuliza utapona lini, na mimi nikakwambia wiki ijayo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokupa. Umekufa, nisamehe."

Kwetu kuna msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini msemo huo ni wa mgonjwa anayewaficha watu. Wa watu wanaomficha mgonjwa sijawahi kuusikia.

Mkono wa Ruolan ulishuka. Haukuanguka. Ulishushwa polepole mpaka ubavuni, na kiganja chake kikafunguka kidole kimoja kimoja.

"Ameniachia," alisema mtoto. Sasa alikuwa analia, kimya, kama wanavyolia watu wazima. Mimi nilikuwa bado nimemshika, na nilisikia mapigo ya damu yake kwenye kifundo yakienda mbio. Alilaza tena kichwa upande. "Mama. Anauliza, sasa aende wapi?"

Mwalimu Pang alimtazama Mzee Kou, na Mzee Kou akanitazama mimi. Mama yake Ruolan alifungua mdomo, na nikamwona akitafuta neno tamu la kumpa, kama alivyozoea. Nililiona neno lenyewe likimjia usoni. Alilimeza.

"Hilo sikufichi, mama," alisema. "Sijui."